Mfarishi Uliofukizwa Udi

Nashona vizuri. Natanguliza neno hili kwa sababu nimechoka na watu wanaozisema kazi za mikono yao kwa kujishushashusha, ati ni vijitu tu vya kupitishia wakati. Siwaamini. Mtu hawezi kuinama miezi mizima, mgongo ukamuuma na sindano zikamchoma vidole, kwa ajili ya kijitu. Mifarishi yangu ni mizuri. Hutundikwa ukutani, haitandikwi kitandani, na atakayetaka kuulalia mmojawapo atanikuta nimesimama mlangoni.

Mfarishi una matabaka matatu: uso, pamba katikati, na mgongo, yote yakashikwa pamoja kwa mshono unaotoboa kutoka juu mpaka chini. Bibi zetu waliushona kwa ajili ya usingizi. Mimi naushona kwa ajili ya macho. Uso wake naujenga kwa vipande, hiki cha kahawia kando ya kile cha kijivu, mpaka jabali litokeze pale ambapo asubuhi palikuwa na lundo la matambara. Nachora kwanza kwa penseli, kisha nakata, kisha ule mchoro nautupa, maana vitambaa navyo vina rai yao.

Kabla ya kustaafu nilikuwa nachora barabara. Nilikaa katika ofisi ya serikali hapa Maskati miaka mingi, nikipiga mistari, na kila mstari ulikuwa na kanuni yake na mtu wa kuupitisha. Siku nilipotoka nilinunua mkasi mzuri kuliko wote niliouona sokoni, nikaifungia rula kabatini, na tangu hapo nakata kwa jicho. Watu hudhani kukata bila rula ni uzembe. Waje wajaribu. Ukikosea kidogo tu kipande kinavuta chenziwe, chenziwe kinavuta cha tatu, na mfarishi mzima unakunja uso.

Meza ya kulia chakula nimeichukua kwa charahani. Mume wangu anakula sebuleni, na hajalalamika, au amelalamika nami sikumsikia kwa kelele za charahani. Ukutani nimetundika blanketi jeupe la manyoya, kwa sababu vipande vya pamba ukivibandika juu yake vinashika vyenyewe bila pini. Hapo navipanga, narudi nyuma mpaka mgongo uguse friji, natazama, navipangua. Mfarishi mmoja unaweza kukaa juu ya blanketi hilo mpaka wageni wakazoea kuuliza habari zake kama wanavyouliza za watoto.

Vitambaa navitoa mtaa wa Ghala, katikati ya magereji, kwenye karakana moja inayoshona dishdasha, kanzu za wanaume wa huku. Mara ya kwanza nilipoingia, na abaya yangu nzuri na mkoba begani, walidhani nimepotea nikitafuta fundi wa gari. Nikawaambia nataka mabaki, yale yanayoanguka chini ya meza ya kukatia. Wakacheka, wakanipa gunia. Sasa nikifika gunia linakuwa tayari, na wao wenyewe hunitolea rangi wanazojua nazipenda: ile ya mchanga, ile ya majivu, ile ya zambarau iliyopauka wanayovaa vijana siku ya Idi. Na weupe. Wanaume wa nchi hii wanadhani wanavaa nyeupe. Hawajui wanavaa maziwa, na chumvi, na pembe, na mwanga wa taa ya ofisini. Mimi ninazo zote ndani ya makapu, na nikifumba macho naweza kukwambia ipi iko wapi.

Mama yangu anaishi nasi tangu baba alipofariki. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika sindano, ingawa hakunifundisha mifarishi. Mama alikuwa mshona kofia, zile za viua, zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kitambaa kizima kinapumua. Wanaume wazito wa mji huu wamekwenda kazini na kazi yake kichwani. Kofia akiletewa aitazame, hatazami nje kwanza. Huigeuza. Anasema nje kila mtu anajua kudanganya. Wahenga wamesema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na mimi nilipokuwa mdogo nilivukuta sana: nikimtilia uzi, nikimwokotea sindano, nikimkunjia kofia zilizokwisha.

Kwa hiyo mfarishi wangu wa kwanza ulipokwisha nilimpelekea mama chumbani kwake, nikautandaza juu ya kitanda, nikasubiri kusifiwa.

"Nini hichi?" akauliza.

"Mfarishi, mama. Wa kutundika."

"Viraka hivi."

"Ni sanaa, mama."

"Viraka ni viraka, mwanangu. Hata ukivitia fremu ya dhahabu." Akaushika pindo, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya mishono ya mgongoni. "Huku nyuma kusafi," akasema. "Huku mbele ndiko kwenye msiba."

Nilicheka mbele yake, na nilipofika jikoni niliacha kucheka. Nilijua neno lile limetoka wapi. Mama alikuja Maskati kutoka Unguja akiwa msichana mdogo, yeye na wazazi wake na sanduku moja. Gauni lake la kutokea lilikuwa moja pia, la buluu. Likachanika kiwikoni, na bibi akalitia kiraka kwa kitambaa cha pazia, chenye maua ya manjano, kwa sababu ndicho kilichokuwapo. Wakaenda arusini kwa jirani. Mwanamke mmoja alikishika kile kiraka kwa vidole viwili, akamuuliza mama mbele ya wageni kama huko Afrika ndiyo mitindo yao. Mama hajapata kulia akiisimulia habari hii, ila kila anapoisimulia hushika kiwiko chake. Sisi wanawe tulilelewa katika nyumba ambayo nguo ikichanika haishonwi, hutolewa. Hata kitambaa cha jikoni kikitoboka mama hukitupa kwa haraka, asije mtu akakiona.

Sasa mtoto wake, aliyesomeshwa, aliyekaa ofisini na kiyoyozi, anakwenda Ghala kuomba matambara kwa hiari yake. Namwelewa mama. Lakini sikuacha, na kila mfarishi uliokwisha nilimwonyesha, naye kila mmoja aliugeuza akausifu mgongo.

Ule wa Qantab nilikuwa nauwaza tangu utotoni. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akitupakia garini siku ya Ijumaa na kutupeleka Qantab, kwenye ile ghuba ndogo iliyobanwa na majabali. Sote tulitandika mkeka tukaelekea maji. Mama peke yake aliyapa mgongo. "Bahari naijua mie," alikuwa akisema. "Ndiyo ilonileta." Akakaa akiyatazama majabali mpaka chupa ya chai iishe. Nami nikawa namtazama yeye, nikageuka kutazama anachokitazama, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba jabali lisilo na hata jani moja lina rangi nyingi kuliko bustani.

Basi mfarishi wa Qantab hauna bahari. Una majabali, yamepandana kutoka ukingo hadi ukingo, ya mchanga na majivu na ile zambarau iliyopauka. Juu yake kuna anga kubwa, jeupe, lote la weupe mbalimbali, kazi iliyonila macho kuliko sehemu nyingine yoyote. Chini kabisa kuna nyumba chache nyeupe, vipande vidogo kama tende, na katikati yao nyumba moja nyekundu, nyekundu ya kisutu. Kisutu ni kanga ya maarusi, ile ya wekundu na weusi na weupe, na hicho mama mdogo alikuwa ameniletea kutoka Unguja. Nilikiosha kwa chumvi na siki mpaka maji yakatoka safi, maana wekundu wa kisutu ninaujua, hauaminiki.

Mama alipita, akasimama mbele yake pale ukutani.

"Nyumba nyekundu Qantab iko wapi?"

"Nimeijenga mimi."

"Bila ya kibali cha baladia?" akauliza, kama karani wa manispaa.

Akaenda zake. Lakini siku zile alikuwa akipita hapo mara nyingi kuliko alivyokuwa na haja ya kwenda friji.

Ukaja wito. Huko Matrah, nyuma ya soko, kuna nyumba kongwe iliyotengenezwa ikawa mahali pa maonyesho, na wenyewe walikuwa wanakusanya kazi za vitambaa za wanawake. Walikuja nyumbani, wakanywa kahawa, wakasimama mbele ya Qantab. Kisha mkubwa wao akasema huu utakaa ukuta wa mbele, unaotazamana na mlango, ili mtu akiingia aanze nao. Nilimwambia kila mtu. Nilimwambia jirani, nilimwambia muuza samaki, niliwaambia wale wa karakana ya Ghala nao wakanipa gunia la pili. Sikuona haya. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi hapa ndio kwetu.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja tu niliyetaka aje. Nilitaka mama asimame mbele ya mfarishi ule, mbele ya watu, asione haya. Wengine wote wangesifu, na wangesifu kwa haki, lakini kama mama angebaki nyumbani, ningekuwa nimetundika mbele ya Matrah nzima kitu kinachomuumiza mama yangu. Hilo nililijua na lilininyima raha.

"Siendi," alisema. "Matrah wote wananijua. Watasema bibi huyu kahangaika umri mzima kutoka kwenye viraka, mwanawe kamrejesha."

"Mama, hakuna atakayesema hivyo."

"Wewe hukuwapo," akanijibu.

Mimi nina hasira za karibu. Nikarudi kwenye charahani nikashona pindo kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika.

Siku moja kabla ya kuupeleka nilikwenda Matrah kutazama ukuta na kupima mahali pa fimbo ya kutundikia. Nilirudi jua limeshageuka. Nyumba nzima ilinuka udi, udi mzuri, ule ambao mama anauweka ndani ya kikopo chenye kufuli na hautoi ila kwa Idi na arusi. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikadhani alikuja mgeni mkubwa akaondoka. Mfarishi niliouacha umetandazwa chumba cha wageni niliukuta umekunjwa vizuri na kufungwa ndani ya shuka safi. Nikadhani ni mume wangu, nikastaajabu, kwa sababu tangu tuoane sijamwona akikunja kitu.

Asubuhi nikaufungua ili niupige pasi ya mwisho. Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka, udi, na chini ya udi marashi ya mawaridi. Kisha mikono yangu ikaona ubichi. Kisha nikaona anga langu. Pale nyumba nyekundu ilipokunjwa ikalalia weupe, kulikuwa na doa la rangi ya waridi, la ukubwa wa kisahani cha chai.

"Nani kautia maji mfarishi wangu?" Nilipiga ukelele uliomtoa mume wangu bafuni na sabuni usoni.

Mama akaja akasimama mlangoni. "Si maji," akasema. "Marashi."

"Mama!"

"Nimeufukiza, nikaurashia, nikaukunja ukashike harufu. Kama nguo yoyote."

"Kwa nini, mama? Kwa nini?"

Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu wananawa kabla ya kula. "Kwani wewe unampeleka biarusi kwa watu hajafukizwa?"

Hasira zangu zilikatika pale pale. Matambara hayafukizwi udi. Hakuna mtu duniani anayefungua kikopo chenye kufuli kwa ajili ya viraka, akachukua chetezo na kuinama na magoti yake mabovu, akashika mrashi na kunyunyiza kwa mpango kutoka pembe hadi pembe. Nilikuwa nimeshika mikononi kazi ya miezi, imeharibika, na nilifurahi. Nasema kweli. Nilifurahi mpaka nikaogopa kucheka, mama asidhani nimerukwa na akili.

Yeye alikuwa ameshaliona doa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, na mkono wake ukaenda kwenye kiwiko. "Nimekuharibia," akasema. "Nimekuharibia mbele ya watu."

Tulijaribu maji baridi na chumvi, tukagandamiza kwa taulo. Doa lilipauka kidogo na kutanuka kidogo. Kulifumua anga lile na kulishona upya kungetaka wiki, na gari lilikuwa lije baada ya alasiri. Dawa ilikuwa moja tu. Mimi niliijua na mama aliijua, na hakuna aliyetaka kuitaja jina.

Mama akainuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na bati la biskuti. Ndani ya bati lile hamna biskuti. Mna kofia, ile aliyoanza kumshonea baba, akafariki haijakwisha. Kiduara cha juu kilikuwa tayari, viua vyote vimejaa. Ukanda wa pembeni ulifika nusu na sindano bado imechomekwa pale alipoishia. Miaka yote ile hakuigusa tena, wala sisi hatukuthubutu. Alikitoa kile kiduara, akakiweka juu ya doa, akakisogeza kwa kidole. Kililifunika lote.

"Mama, hiyo ya baba."

"Baba yako haendi nayo popote. Nitilie uzi."

Nikatia uzi. Akavuta kiti mpaka dirishani, akavaa kastabini yake kidoleni, akapandisha miwani, akaanza. Macho yake si yale ya zamani, lakini mkono haukuwa na habari ya macho. Uzi ulipokwisha alininyooshea sindano bila kuinua uso, nami nikatia mwingine, kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa sijafika kimo cha meza. Mara moja nilisogea kutazama, akanifukuza. "Usinisimamie kichwani. Nenda kapige pasi abaya yangu."

Sikuuliza abaya ya nini. Niliipiga pasi mbele na nyuma.

Alipomaliza niliutundika mfarishi ukutani, nikarudi mpaka mgongo ukagusa friji. Nimechagua weupe kwa miaka, na weupe ule nisingeuchagua. Uling'aa kuliko wenziwe wote, na vile vitundu vilipitisha uwaridi kidogo kutoka chini, kwa hiyo ukiwa mbali ulikuwa mweupe na ukiwa karibu ulikuwa na damu. Haukulingana na chochote nilichokuwa nimekipanga. Anga langu lilikuwa likiungoja na mimi sikujua. Mama hakutazama mbele. Aliugeuza, akapitisha kidole juu ya mishono yake, kisha juu ya yangu, kisha tena yake.

"Kusafi," akasema.

Huko Matrah watu walijaa, wa mji na wageni, na kila aliyeingia alikutana na Qantab kwanza. Mama hakwenda mbele yake. Alijiweka pembeni, karibu na nguzo, na abaya yake iliyonyooka, akiwaangalia watu kuliko kuangalia kuta. Nilisalimiwa, nikasifiwa, nikasema ahsante kwa Kiarabu na Kiswahili na Kiingereza, na jicho langu moja lilikuwa kwake wakati wote.

Akaingia mwanamke mmoja wa umri wa mama, mavazi yake ya gharama, na sauti iliyozoea kusikilizwa. Alisimama karibu sana na mfarishi. Akanyoosha mkono, akakishika kile kiduara cheupe kwa vidole viwili.

Nilimwona mama akishika kiwiko chake.

"Mwezi huu," yule bibi akaniuliza kwa Kiarabu, "umeuweka wa nini? Majabali yako ya mchana."

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na maneno mazuri tayari, ya mwanga na kumbukumbu na mambo mengine wanayoyapenda watu wa maonyesho. Sikufika mbali. Mama alikuwa ameiacha nguzo. Alipita katikati ya watu, akaja akasimama pale pale mbele ya mfarishi, bega lake na bega la yule bibi, na mkono wake ulikuwa umekiachia kiwiko.

"Si mwezi," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Kiraka hicho. Nimekitia mie. Hebu ugeuze, tazama na huku nyuma."